Steve Tikolo, Hodari wa Kriketi

Wasikilizaji wetu wa Mbinga, na ninyi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, leo twapenda kuwapa habari za Steve Tikolo wa Nairobi, aliyepata sifa kubwa katika mchezo wa kriketi.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu husimama na gongo mbele ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini. Mshindani wake humtupia mpira, naye huupiga mbali, kisha hukimbia, na kila mkimbio huhesabiwa. Mpira ukivigonga vijiti, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji hutoka. Basi hodari ni yule awezaye kusimama muda mrefu bila kutolewa.

Tikolo alizaliwa mwaka 1971. Ndugu zake, Tom na David, walikuwa wachezaji, naye akaifuata njia yao. Mwaka 1996 Kenya iliingia katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikawashinda West Indies huko Pune, katika nchi ya India. Siku chache baadaye, katika mji wa Kandy, Sri Lanka walipata mikimbio 398. Wakati ule hapakuwa na taifa lo lote lililopata kufikia hesabu hiyo katika mashindano ya kimataifa ya siku moja. Wengi wangalikata tamaa. Tikolo alisimama akapata 96. Kenya ilishindwa, lakini haikuaibika.

Mwaka 2003 yeye ndiye aliyekuwa nahodha. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, na Kenya ikapewa alama zao. Lakini Sri Lanka walikuja, wakashindwa kwa mikimbio 53. Ndipo Kenya ikafika nusu fainali huko Durban, ikatolewa na India. Siku hiyo Tikolo alipata mikimbio 56, akawapita wenzake wote.

Baada ya hapo timu ilidhoofika. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 39, Tikolo alicheza Kombe la Dunia la tano. Kenya ilishindwa michezo yote sita, naye akaaga.

Je, kosa lilikuwa lake? La, hasha. Mkono mmoja haulei mwana. Hodari mmoja aweza kuipandisha timu, lakini hawezi kuishika juu daima, kama nyuma yake hapana vijana waliofundishwa.

Jambo hili Wamatengo walijua zamani katika kilimo chao cha ngolo. Hawayachomi majani waliyofyeka. Huyapanga shambani na kuyafukia kwa udongo, nayo yakiisha kuoza huyalisha mazao yajayo. Mlimaji wa ngolo hutazama msimu wa leo na wa kesho pamoja.

Basi, enyi wanafunzi, igeni uvumilivu wa Tikolo. Nanyi wazee na walimu, mkimwona kijana hodari katika mchezo au kazi yo yote, msimsifu tu. Mpeni na wadogo wa kuwafundisha, ili siku atakapoondoka, kiwanja kisibaki kitupu.