Urithi wa Mwili na Chungu cha Nyumbani

(Mazungumzo mbele ya wananchi wa Mkuyuni, Morogoro)



Mkoa wetu una sifa ya panya. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Leo nitazungumzia panya wengine, wale wadogo wa maabara, kwani wametusaidia kuelewa kwa nini mtu mmoja hunenepa na jirani yake hanenepi.

Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson huko Marekani, walionekana panya wanene kupita kiasi. Walikula bila kushiba, na uzito wao ukafikia mara tatu ya wenzao. Ilidhihirika kwamba kasoro hiyo waliirithi kwa baba na kwa mama pia. Baadaye Douglas Coleman aliunganisha mzunguko wa damu wa panya wa namna hiyo na wa panya wa kawaida. Yule mnene akapunguza kula, akakonda. Basi katika damu ya mwenzake mlikuwamo kitu alichokikosa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake waliipata jeni yenyewe. Jeni hiyo hutengeneza homoni iitwayo leptini, itokayo katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba inatosha. Ikiharibika, taarifa haifiki, na mwili hujiona una njaa daima.

Je, tuseme yote ni kurithi? Hasha. Mwaka 1988 Richard Surwit na wenzake walizilisha koo mbili za panya chakula chenye mafuta na sukari nyingi. Ukoo mmoja ulinenepa na kupata kisukari. Wa pili ulistahimili zaidi. Lakini panya wa ukoo ule dhaifu waliopewa chakula cha kawaida hawakupatwa na balaa hilo. Urithi uliandaa kuni kavu. Mlo ndio uliowasha moto.

Binadamu si panya. Wanaokosa leptini kabisa ni wachache mno duniani. Wengi wetu tumerithi jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Hata hivyo mafunzo ni mawili. Kwanza, ni dhuluma kumcheka mtu mnene kuwa ni mlafi, na ni upotofu kuuona unene kuwa cheo. Pili, jeni hatuwezi kuzichagua. Cha kutia chunguni twaweza.

Mkulima wa Uluguru hupanda mlima kwenda shambani, akala ndizi, muhogo, kunde na mchicha. Mwanawe aliyehamia mjini hukaa juu ya pikipiki kutwa, akala chipsi na kunywa soda. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni mlo na kazi. Nasi tunaobaki huuza matunda yetu barabarani, tukarudi nyumbani na soda.

Mwaka 1973 Taifa liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Adui wakati ule alikuwa uchafu na upungufu wa chakula. Adui huyo hajaondoka, na sasa amepata mwenzake. Tuanze na sisi viongozi: katika mikutano yetu, meza ya soda na maandazi ipishe ndizi na mapapai ya Mkuyuni, na kila mmoja wetu akapime sukari na shinikizo la damu kabla ya kuwahimiza wengine.