Dodoma Ilipangwa kwa Waenda kwa Miguu

Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na mpango mkuu wake wa 1976 ulitanguliza waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi. Leo Mji wa Serikali uko Mtumba, kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya jiji, na wengi tunaona bila gari hatufiki.

Tupige hesabu. Gari ni mafuta, bima, matairi, vipuri na fundi. Hata likiegeshwa uani, bima inahesabu siku. Mwili nao unalipa: Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, maana kukaa muda mrefu huchangia kisukari na shinikizo la juu la damu. Moshi wa magari, ukichanganyika na vumbi la kiangazi, huwatesa watoto na wenye pumu.

Basi, kama sokoni ni karibu, nenda kwa miguu. Kwenda Mtumba, panda daladala, au majirani wanne mtumie gari moja. Kwenda Dar es Salaam, tangu 2024, kuna treni ya umeme. Na kwenye mikutano ya mtaa, tudai njia za miguu zenye miti ya kivuli, kwani jua letu ni kali.