Chuo Kikuu cha Kilutheri Singida: Kwa Nini Kiwe Mjini

Mada hii inatetea jambo moja: Walutheri wa Singida wakiazimia kuwa na chuo kikuu chao, kijengwe mjini, na kitoe elimu pana, yaani anayesomea biashara asome pia historia, lugha, sayansi na maadili. Mazoea ya mkoa wetu ni mengine. Wamisionari wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani, walioanza kazi Iramba mwaka 1926, walijenga vijijini: hospitali Kiomboi na Iambi, chuo cha ualimu Kinampanda. Walifanya vyema, kwa kuwa watu walikuwa huko. Lakini kwao Marekani sinodi hiyohiyo ilikuwa na chuo chake Rock Island, mji ulio kando ya mto Mississippi. Nacho chuo cha Augsburg, kilichoanzishwa na Walutheri wenye asili ya Norwe mwaka 1869, kilihamia Minneapolis mwaka 1872 na hakikuondoka hata wakazi wa mtaa wake walipobadilika. Leo majirani zake wa Cedar-Riverside wengi ni Wasomali na watu wengine wa Afrika Mashariki, na Waislamu ni wengi. Singida mjini, ambako misikiti na makanisa vimekaa pamoja miaka nenda rudi, ndipo hasa chuo cha namna hiyo kingefaa.

Wapo watakaosema kwamba mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe ada anataka ajira, si falsafa. Ni hoja nzito, na haistahili kubezwa. Hata hivyo, tutazame kiwanda kidogo cha kukamua alizeti: mkulima anashusha magunia, mafuta yanatoka huku, mashudu kule. Aliyefundishwa uhasibu pekee ataandika mapato na matumizi kwa usahihi. Lakini kwa nini bei ya mbegu hushuka wakati wa mavuno? Ushuru wa mafuta ya kula yatokayo nje ukipunguzwa, mkulima wa wilaya ya Mkalama anaumiaje, na ni nani wa kumsemea, kwa lugha ipi? Majibu yanadai uchumi, historia, sheria na ufasaha kwa pamoja, na mwajiri anayemtafuta meneja humtafuta mtu wa kuyajibu.

Pingamizi la pili ni fedha: vyuo vidogo vya binafsi hupata shida kujaza nafasi, na ardhi ya mjini ni ghali. Ndiyo maana sishauri kuanza na chuo kikuu kamili. Chuo Kikuu cha Iringa kilikuwa chuo kishiriki cha Tumaini, chuo kikuu cha Walutheri, kabla ya kujitegemea mwaka 2013. Singida nayo ianze kama tawi la Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, katika majengo ya kupanga, kwa shahada moja ya ualimu yenye masomo mapana na maktaba ambayo hata mkamuaji wa alizeti anaruhusiwa kuingia jioni.