Mwaridi wa Kale na Jina Lake la Haki

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama)



 Huenda baadhi yenu mkastaajabu kwamba katika sherehe ya wakulima naja na habari za maua. Naomba mnivumilie, kwani nina hasara ya kuwasimulia.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua miche ishirini ya miwaridi. Muuzaji alinihakikishia kuwa ni ya Kichina, ile ichanuayo mwaka mzima. Shamba langu liko bondeni, penye joto siku zote. Nilitia samadi, nikamwagilia, nikangoja miaka mitatu; nikapata majani tele na maua ya kuhesabika kwa vidole. Nikaulaumu udongo, nikailaumu mvua. Kumbe miche ile ilikuwa ya Dameski!

Mwaridi wa Dameski ni mti wa thamani, lakini hutaka baridi kwanza ndipo uchanue vema. Huko Oman, wakulima wa Jabal Akhdar huupanda kwenye miinuko ya mita 2,000 hivi, huchuma maua yake tangu mwisho wa Machi hata Mei, na kuyapika wapate marashi. Mlima ule una baridi. Bonde langu halina.

Penye joto hufaa miwaridi ya Kichina, pamoja na ndugu zake waitwao wa Chai kwa sababu ya harufu yao. Katika bahari yetu hii ya Hindi, kisiwani Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, wakulima walikuwa wakizungushia mashamba yao Wachina na Wadameski pamoja. Miti hiyo ikachanganya mbegu yenyewe, na mbegu za mtoto wao zikapelekwa Ufaransa karibu mwaka 1819. Hiyo ndiyo asili ya miwaridi ya Bourbon.

Je, mkulima atautambuaje mwaridi? Asitegemee rangi ya ua, maana jua huigeuza. Ashike tawi na jani. Dameski ana miiba mingi, mikubwa kwa midogo, na majani yenye kijivu na malaika laini upande wa chini. Mchina ana miiba michache iliyopinda, na majani yake ni laini yenye kung'aa. Wa Chai huinamisha ua lake, na machipukizi yake yana wekundu. Tena, mche wa kubebeshwa ukifa juu, shina la chini huchipua maua ya namna nyingine. Wengi wamedanganyika hapo. Lau ningaligeuza jani moja tu siku ile, ningaliokoa miaka mitatu.

Na tukishindwa kuutambua? Chama cha Mawaridi cha Bermuda, kilichoundwa mwaka 1954, kimetupa mfano. Miwaridi ya kale iliyokutwa visiwani humo bila jina haikubandikwa jina la kubahatisha. Iliitwa kwa mahali ilipopatikana, au kwa mtu aliyeitunza, mpaka asili yake ithibitike. Mmoja wao huitwa Smith's Parish, kwa jina la wilaya yake.

Kuuzidisha mwaridi si kazi ngumu. Kata tawi lililokwisha kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimeta 15 hadi 20. Bakiza majani mawili juu, uzike nusu yake penye kivuli, na udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji. Baada ya wiki 6 hadi 8 mizizi hutazamiwa. Kipandikizi humfuata mama yake kwa kila hali. Mbegu haina ahadi hiyo. Wa Chai usimkate sana. Mpunguze matawi makavu tu.

Bwana Mwenyekiti, naomba kitalu cha Chama kiwe na daftari, na kila mti mama uandikwe namba, mahali ulipotoka, na jina lake. Na kama jina halijulikani, iandikwe hivyo. Mwanachama auziwaye jina la uongo hapotewi na fedha tu. Fedha hurudi kwa mavuno mengine, miaka hairudi.

 Chama chetu na kidumu.