Dalili Ni Hodi
Hotuba ya mgeni rasmi, ufunguzi wa mafunzo ya afya ya akili kwa watoa huduma wa zahanati



Wiki hii mtajifunza kutumia madodoso mawili: PHQ-9, yenye maswali tisa ya sonona, na GAD-7, yenye maswali saba ya wasiwasi. Yote huulizia wiki mbili zilizopita. Alama zikifika 10, mgonjwa anahitaji kuchunguzwa zaidi. Nasema kuchunguzwa, hajapewa bado jina la ugonjwa.

Ndugu zangu, dalili ni hodi. Ukisikia hodi, hujamjua aliye mlangoni. Mama anafika zahanati: moyo unamwenda mbio, usingizi hapati, anasema, "Nina mawazo." Huenda ni sonona, huenda ni ugonjwa wa wasiwasi, na mara nyingi viwili hivyo huandamana. Lakini tezi ya shingo ikizidisha kazi, moyo nao huenda mbio. Damu ikipungua, mtu huchoka. Aliyezika mume mwezi uliopita analia kwa sababu amefiwa. Yupo pia aliyewahi kuchangamka kupita kiasi, asilale, akitapanya fedha. Huyo akipewa dawa za sonona peke yake, hali ile inaweza kumrudia.

Kwa hiyo, kaeni na wagonjwa wenu. Ulizeni hali hiyo imeanza lini, na imewazuia kufanya nini. Wasiwasi wa siku ya mtihani ni wa kawaida. Wasiwasi wa karibu kila siku, miezi sita mfululizo, unaomfanya mtu ashindwe kwenda shambani, huo unahitaji tiba.

Kuna jambo moja lisilosubiri. Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mgonjwa akikiri, hata kama jumla ya alama zake ni ndogo, asiachwe peke yake. Aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo.

Wagonjwa hawa wameshaitwa wavivu, wameambiwa wamerogwa, wameambiwa imani yao haba. Jina sahihi la ugonjwa huwaondolea majina hayo yote, likitoka kwa mtu aliyewasikiliza kwanza. Mtu huyo awe ni wewe.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mafunzo haya yamefunguliwa rasmi.