Finland: Watazamaji wa Uonevu Shuleni

Mtoto anapoonewa shuleni, aghalabu wakubwa huwatazama wawili tu: anayeonea na anayeonewa. Nchini Finland, Profesa Christina Salmivalli aliwachunguza wale waliosimama kando. Yeye na wenzake walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, kwamba wapo wanafunzi wanaomsaidia mwonevu, wapo wanaocheka, wapo wanaojitenga, na wapo wanaomtetea mnyonge. Wanaocheka humpa mwonevu hadhi anayoitafuta.

Fikra hiyo ndiyo msingi wa KiVa, mpango uliotayarishwa katika Chuo Kikuu cha Turku tangu mwaka 2006 kwa fedha za wizara ya elimu, na kuenea katika shule za nchi hiyo kuanzia mwaka 2009. Kisa kinapogunduliwa, walimu walioteuliwa huzungumza kwanza na aliyeonewa, kisha na waonevu, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa darasa naye huwaita wanafunzi wachache, hasa wanaoheshimiwa na wenzao, akawaomba wawe karibu na mwenzao huyo. Pengine hapa ndipo penye uzito wote, kwani adhabu ya mwonevu, hata iwe kali namna gani, haimpatii mtoto aliyetengwa mtu wa kukaa naye wakati wa chakula.

Majaribio yalionyesha kuwa uonevu ulipungua, zaidi katika shule za msingi kuliko kwa vijana wakubwa. Haukutoweka. Kwa hiyo, baada ya siku kadhaa, wahusika huitwa tena, kila mmoja aulizwe kama ahadi yake ameitimiza.