Tusichangie Mashine Peke Yake



Tunapowachangia vijana wetu mashine ya kudarizi kofia, tukumbuke kuwa picha ya kompyuta haidariziwi ilivyo. Fundi huigeuza kwanza kuwa mishono kwa programu maalumu, huihifadhi katika faili ambalo mashine inalisoma, kama DST kwa Tajima au PES kwa Brother, kisha huihamisha kwa flashi. Na kwa kuwa kofia imepinda, mishono huanzia chini, katikati, ikaenda pembeni, kitambaa kisijikunje.

Bila kompyuta, programu na mafunzo, mashine itabaki pambo. Basi tuchangie vyote vinne, ili kofia za timu na za sherehe zetu zidariziwe hapahapa Kaisho.